Uvimbe wa Dilolo

Tenke, 24 Septemba 2023

Tantine Henriette,

Ni mimi Shekina, mtoto wa kaka yako. Natumaini umefika Lubumbashi salama na kwamba barabara ya Likasi haikukuchosha sana. Sisi huku tu wazima. Mama ametuma salamu kutoka Kolwezi, anasema Papa bado analinda lango lile lile usiku na analala mchana, na mdogo wangu Glodi amefaulu kuingia darasa la tano, lakini amepoteza viatu vyote viwili kwa siku moja na hajui vilipotelea wapi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Nkambo, baba yako, anataka nimsomee kila barua kabla sijafunga bahasha. Anasema Kifaransa ni lugha ya kufichia. Huku shambani simu haishiki, kwa hiyo barua nitampa Stany, yule dereva wa lori la mahindi. Anapita Tenke akiwa na mzigo tu, basi usishangae zikichelewa.

Tangu ulipoondoka na sanduku lako la barafu, nafanya kama ulivyonifundisha. Kila asubuhi kabla hawajatoka zizini napima joto la kila ng'ombe na kuandika. Nilidhani nitaogopa. Unajua shuleni kwa miaka sita sikunyoosha kidole hata siku moja, na mwalimu wa biolojia alidhani sijui kitu mpaka matokeo ya diploma yalipotoka. Lakini ng'ombe hawacheki mtu. Nimeshayajua majina yao yote. Nkambo amewapa majina ya stesheni za reli alizofanyia kazi: Lubudi ni yule mama mkubwa, Kamina ana pembe moja, Bukama anapenda chumvi, Nguba ana mimba. Kuna mtamba mmoja mwekundu asiyeshikika, anaitwa Dilolo. Nilimuuliza Nkambo kwa nini. Akasema: "Dilolo njo mwisho ya reli, mwana. Hakuna train ilifikaka kule na saa yake."

Nkambo anauliza jambo moja. Siku ile uliwachoma wote sindano, wengine ukawavika hereni nyeupe, wengine za manjano. Ulisema wamoja wamepata chanjo na wengine maji ya chumvi tu, ili mwishoni muone tofauti. Ni wepi wenye chanjo? Anauliza yeye, si mimi.

Mwanao,
Shekina

*

Lubumbashi, 5 Oktoba 2023

Sheki wangu,

Barua yako imenikuta maabara, mikono ikiwa ndani ya glavu. Stany alikataa kumwachia mlinzi, akasema "barua ya ule mutoto hapana kuacha na muntu yoyote." Nimempa chai. Mimi mzima, ila umeme unakatika kila mara na kila ukikatika moyo wangu unaingia ndani ya friji pamoja na chupa zangu. Mwambie Mama yako nimepata kile kitenge alichotaka, na mwambie Glodi kwamba mimi na baba yake tulikwenda shule peku na hatukupoteza kitu.

Nimefurahi kuona vipimo vyako. Mwandiko safi, hakuna siku uliyoruka. Nimewaonyesha wenzangu hapa nikasema: huyu ametoka shule ya sekondari juzi. Mwaka ujao masomo yakianza utakuja kulala chumbani kwangu, utasoma udaktari wa mifugo, na utanisaidia kubeba hili sanduku kabla halijanivunja mgongo.

Kuhusu hereni, mwambie Papa, nkambo wako, najua lakini sisemi. Si kiburi. Mfugaji akijua ni ng'ombe yupi ana chanjo, atampa yule mwingine majani bora kwa huruma, au atamwacha kwa kukata tamaa, na mimi sitajua tena kilichomwokoa nani. Wewe pia usijaribu kukisia. Na kumbuka sharti nililowaachia: dawa yoyote, hata ya minyoo, mniulize kwanza.

Habari ambayo siipendi: kule mpakani Dilolo (mji, si mtamba wako) ng'ombe wanakohoa. Ni homa ya mapafu yenyewe. Wachuuzi wanawaleta kwa miguu na kwa reli kuuza kwa wachinjaji wa Kolwezi. Zuieni kundi lenu lisichanganyike na la mtu mwingine.

Nakukumbatia,
Tantine Henriette

*

Tenke, 13 Oktoba 2023

Tantine,

Pole na umeme. Huku mvua ya kwanza imenyesha na vumbi la malori limelala. Nkambo alikohoa siku mbili lakini amepona, ni ule moshi wa jiko. Mama amemtumia sweta.

Nakuandikia upesi kwa sababu kuna jambo. Ng'ombe wamevimba. Ilianza kwa Lubudi nyuma ya bega, pale ulipochoma sindano, kitu kidogo kama yai la kuku. Siku ya tatu yake Kamina, halafu Bukama, halafu Dilolo. Sasa baadhi yao wana uvimbe mkubwa kama embe, na ukigusa ni wa moto. Lubudi hataki kulala upande ule.

Nimekagua mara mbili. Wote waliovimba wana hereni nyeupe. Wa manjano hakuna hata mmoja.

Uliniambia nisikisie, kwa hiyo sikisii. Lakini Nkambo anakisia kwa sauti. Anasema weupe wamepewa kitu kibaya. Jana alisimama mbele ya Lubudi, halafu akaniambia: "Andikia tantine yako. Muulize kintu kimoja tu: hii ni muzuri ao ni mubaya?"

Naomba utujibu hivyo tu, Tantine. Nzuri au mbaya. Stany anasubiri.

Shekina

*

Lubumbashi, 23 Oktoba 2023

Sheki,

Msalimie Papa sana, mwambie avae hilo sweta na asilitunze kwa ajili ya Noeli.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko unavyodhani. Fanya hivi. Chukua lati yako ya shule, ile rula ya sentimita thelathini. Kila asubuhi pima upana wa kila uvimbe, uandike pembeni ya joto. Msiufinye, msiutoboe, msiupake kitu. Msiwape dawa yoyote. Ng'ombe wakila na wakinywa, hakuna cha kuogopa. Tunaangalia.

Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Niamini.

Tantine

*

Tenke, 9 Novemba 2023

Tantine mpendwa,

Salamu kutoka kwa wote. Nguba amezaa, ndama jike, mweusi. Nkambo amemwita Mutshatsha. Glodi aliletwa na Papa kwa siku tatu, akaangukia kwenye josho, tukamwosha kwa sabuni ya kufulia. Unisamehe kuchelewa, lori la Stany lilivunjika ekseli.

Nilipomsomea Nkambo barua yako ya mwisho, alikuwa akichambua maharage mpaka nilipofika kwenye lati. Hapo aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Naye pia?"

Wewe wakati ule ulikuwa chuoni, Tantine, hukuwepo Kasulo, kwenye ile nyumba yetu ya Kolwezi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Majirani walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao, ukuta wetu wa chumbani ulipasuka. Nkambo Ngalula, mama yako, aliweza kuingiza kidole chake kwenye ule ufa. Nkambo alikwenda kulalamika, na ofisi fulani, hatukuambiwa vizuri jina lake, ikatutumia bwana mmoja mwenye lati ya chuma. Alikuja kila Jumatatu. Alipima ufa, akaandika, akanywa maji, akasema: hakuna cha kuogopa, tunaangalia, msiguse ukuta. Sisi watoto tulimwita Tata Lati, Baba Rula, tulimkimbilia. Nkambo alitaka kuhama, lakini mkewe alisema, baba, muntu ya serikali anapima, ataacha tuanguke? Na nyumba ilianguka Jumamosi, Nkambo Ngalula akiwa ndani anakunja nguo. Jumatatu Tata Lati alikuja kama kawaida. Alisimama barabarani na lati yake mkononi. Hakukuwa na kitu cha kupima.

Najua hayo yote unayajua. Nayaandika kwa sababu Nkambo ameniambia niyaandike.

Kisha alinituma Tenke kununua chumvi na kumtafuta Stany. Nilikaa siku nne kwa mama mmoja wa kanisa letu nikisubiri lori. Niliporudi, uvimbe ulikuwa umeshuka kwa weupe wote isipokuwa Dilolo. Wa Lubudi ulikuwa sentimita kumi na moja, sasa ni tatu. Nkambo anafurahi, anapiga mluzi ule wa treni. Aliniambia: "Unaona? Lati yako imebaponyesha."

Nyuma ya jiko nimekuta vichupa vitupu. Nkambo amesema ni vya mwaka jana. Naandika kama alivyosema. Nimemsomea sentensi hii. Amesema, "Iache."

Shekina

*

Lubumbashi, 20 Novemba 2023

Shekina,

Salamu baadaye.

Uvimbe haushuki hivyo kwa siku nne. Vichupa vile vina rangi gani? Vimeandikwa nini? Ni tetra, ile antibiotiki? Nani alichoma, alichoma wangapi, siku gani? Mwambie Papa sina hasira. Mwambie nataka kujua tu.

Stany nimemlipa arudi na lori tupu, asisubiri mzigo.

H.

*

Tenke, 1 Desemba 2023

Tantine,

Nkambo amekataa niandike kwa maneno yangu. Ameketi kwenye kiti chake cha kamba, mimi naandika anavyosema, neno kwa neno.

"Henriette mutoto yangu. Ni mi, baba yako Séraphin. Ni mi njo nilibatoboa sindano. Shekina hakukuwa, nilimutuma Tenke juu asione. Nilinunua tetra ku soko, ile ya manjano, kwa ule kijana anauzaka dawa ya bangombe na ya bantu pa meza moja. Tulifanya na Beya, muchungaji ya bangombe. Tulitoboa bote benye kuvimba. Dilolo njo ilitushinda, ilimupiga Beya teke ya tumbo, ikaruka lupango ya zizi, ikaenda. Beya alikuwa analia na mi nilikuwa nacheka.

"Mi nilikuuliza kintu kimoja. Ni muzuri ao ni mubaya. Unanijibu lati. Sasa mi nifanye je? Mama yako alikufaka sababu ya lati. Kama ungesema 'Papa, ni muzuri,' ningekaa. Kama ungesema 'Papa, ni mubaya,' ningekaa pia, ningejua tunangojea nini. Lakini 'tunaangalia'! Nani anaangalia? Weye uko Lubumbashi.

"Kama nimeharibu, sema. Usifiche mi juu niko muzee."

Amemaliza. Sasa anauliza kama nimeandika kwamba alicheka. Nimemwambia ndiyo. Anasema sawa.

Mama anakusalimu. Glodi pia.

Shekina

*

Lubumbashi, 16 Januari 2024

Sheki, na wewe Papa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Nimechelewa, na sababu haikuwa Stany. Alipita hapa mara mbili nikamwambia bado.

Papa, umeomba nisifiche.

Chanjo yetu si maji ya dawa. Ni bakteria wenyewe wa homa ya mapafu, wako hai. Tumewalea maabara miaka mingi, kizazi kwa kizazi, mpaka wakasahau kuua. Tunampa ng'ombe hao dhaifu ili mwili wake uwaone, upigane nao, ukumbuke sura yao. Uvimbe ndiyo ile vita. Maana yake somo limeanza. Ilikuwa vizuri, Papa. Ilikuwa vizuri sana. Nilipopata barua ya Sheki kwamba weupe wamevimba, nilifunga mlango wa ofisi nikacheza peke yangu.

Tetra inaua bakteria. Haichagui wakali na wapole. Iliwaua walimu kabla somo halijaisha, na ng'ombe wako sasa hawajui kitu, kana kwamba sikuja.

Kwa nini sikusema ni vizuri? Kwa sababu wakati ule ningesema, ningekuwa nimekwambia weupe ndio wenye chanjo, na kundi lako lingetoka kwenye hesabu. Niliogopa kupoteza kundi, nikalipoteza. Na lile neno "tunaangalia" nililiandika bila kufikiri. Ndivyo tunavyosema hapa maabara kila siku. Sikumkumbuka Mama. Nimekaa na jambo hili tangu Desemba na sijui niliweke wapi.

Niliomba dozi nyingine kwa ajili yenu. Wafadhili wamejibu kwamba kundi lililopewa dawa halirudiwi. Nilifikiri kuiba. Nilikwenda mpaka kwenye friji, nakuambia kweli, Papa, mimi binti yako. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili kwenye Noeli na jenereta haikuwa na mafuta. Chupa za akiba zimekufa zote.

Wazuieni ng'ombe wasinywe mtoni na wa watu wengine. Hilo tu ndilo limebaki.

Henriette

*

Tenke, 19 Februari 2024

Tantine,

Mama anakusalimu, alikuwa na malaria lakini amekwishaanza kwenda sokoni tena. Papa amebadilishiwa lango.

Imefika. Kuna wachuuzi walipitisha ng'ombe kwenda kwa wachinjaji wa Fungurume. Beya aliwakatalia wasikaribie, akawatupia mawe. Lakini mto ni mmoja na mvua ilikuwa kubwa, wakajikinga chini ya miti ile ile na wetu. Aliporudi alisema walikuwa wakikohoa kama watu wa mgodini.

Kamina alikuwa wa kwanza. Alisimama akiwa ametanua viwiko na kunyoosha shingo, anavuta pumzi kana kwamba hewa iko mbali. Joto arobaini na moja na nusu. Baada yake Bukama, na Lubudi. Weupe na wa manjano sawasawa, Tantine, hakuna tofauti. Nguba amekufa juzi. Ndama wake Mutshatsha bado alikuwa ananyonya.

Nkambo hawatoboi tena. Nilimwuliza kama tununue tetra sasa, maana sasa hakuna cha kuharibu. Alikwenda mwenyewe Tenke kwa baiskeli ya Beya. Akarudi bila kitu. Yule kijana wa meza amemaliza. Watu wote wa huku walimwendea, si sisi tu. Mmoja alisikia kwa Beya kwamba tetra inashusha uvimbe wa sindano za Lubumbashi, akamwambia mwenziwe. Nadhani mashamba mengine uliyoyachanja nayo yalifanya hivyo. Samahani kukuambia hili kwenye karatasi.

Sasa nakuambia jambo jingine. Dilolo haumwi. Analala na wagonjwa, anakunywa nao, anawalamba pua. Joto lake thelathini na nane na nusu kila asubuhi. Uvimbe wake uliendelea mpaka Desemba, ulifika sentimita kumi na mbili, ukashuka wenyewe polepole, sentimita moja kila wiki au pungufu. Nimeandika zote. Hataki mtu amshike, lakini mimi ananiacha, nikija na chumvi.

Tantine, ni mmoja tu, lakini ni yeye peke yake mwenye hereni nyeupe asiyepewa tetra. Je, hiyo si kitu? Nitoe damu yake nikutumie? Uliniacha na sindano mbili na vichupa vya damu. Niambie nifanye nini. Sijawahi kunyoosha kidole shuleni lakini sasa nakinyoosha.

Shekina

*

Lubumbashi, 7 Machi 2024

Sheki wangu,

Pole Mama yako. Pole Papa. Sijui salamu nyingine ya kuandika.

Swali lako ni zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa mwaka huu na watu wenye tai. Na jibu lake ni hapana. Ng'ombe mmoja si matokeo. Labda alizaliwa na mapafu ya chuma. Labda ugonjwa ulimpita. Mimi najua ni chanjo, wewe unajua, Dilolo anajua, lakini hakuna karatasi duniani itakayokubali mashahidi watatu namna hii. Damu usinitumie. Bila barafu itaoza kabla ya Likasi, na hapa hakuna tena wa kuipokea.

Mradi umefungwa. Mashamba manne kati ya sita yalichoma tetra, ulikisia sawa. Wafadhili wameandika kwamba chanjo "haikuonyesha kinga". Miaka kumi na moja, Sheki, na hayo ndiyo maneno yake mawili. Mwisho wa mwezi nakabidhi ufunguo na chumba pia, kwa sababu kilikuwa cha kazi. Nimeomba kazi kwenye kiwanda cha maji ya chupa, wanataka mtu wa kupima usafi. Lile neno langu la masomo yako, siwezi kulitimiza mwaka huu. Nilitaka kuandika "mwaka huu tu", nikafuta.

Kuna jambo jingine na afadhali mlisikie kwangu. Huduma ya mifugo imeamuru makundi yote yenye ugonjwa yauawe na kufukiwa, wagonjwa na wazima. Niliwapigia simu kuhusu Dilolo. Nilizungumza na bwana mmoja mpole. Alisema: "Mama, kila mufugaji iko na ng'ombe moja ya kusema hii hapana." Alisema kweli. Ningekuwa mahali pake ningejibu vivyo hivyo, na kwa kanuni zile zile nilizokufundisha wewe.

Mwambie Papa ingekuwa vizuri. Mwambie hivyo tu.

Tantine yako

*

Tenke, 22 Machi 2024

Tantine Henriette,

Natumaini umepata mahali pa kulala. Mama anasema kwetu kuna kitanda, Glodi atalala chini. Anasema usione haya.

Nilimwambia Nkambo neno lako. Usiku huo alikula tena.

Walikuja jana, watu watano na gari moja, na trekta lililoazimwa la kuchimba shimo. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinipa barakoa. Walikuwa wamebaki ng'ombe saba, sita wakiwa hawawezi kusimama vizuri, pamoja na ndama Mutshatsha. Dilolo alikuwa amesimama mwishoni mwa zizi anakula majani ya nje ya uzio, kama kawaida yake.

Mkubwa wao alimwangalia akasema, "Huyu naye eko muzuri, pole." Nkambo akasema, "Hata mi naona." Hakubishana. Nilidhani atabishana. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno usiku kucha, ya bakteria, ya uvimbe, ya hereni nyeupe, nilitaka kuyasema mimi mwenyewe mbele ya wageni, na nilinyoosha kidole, Tantine, kweli nilikinyoosha. Yule bwana aliniangalia akangoja. Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umesoma vizuri, mwana." Halafu akaangalia saa.

Hawakuweza kumkamata. Wanaume watatu walimkimbiza, akaruka lupango kama ile siku ya Beya, akasimama ng'ambo anawatazama. Beya alicheka kidogo akajizuia. Ilibidi nimwite mimi. Nilikwenda na chumvi kiganjani, akaja.

Ndipo Nkambo alipoomba wangoje kidogo. Aliniambia, "Lete lati." Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu Oktoba hakutaka kuiona, nilikuwa naificha chini ya godoro. Nikaenda kuileta. Aliichukua mkononi mwangu, akaigeuza, akatafuta upande wa sentimita. Akapiga magoti upande wa bega la Dilolo, taratibu kwa sababu ya magoti yake, akapapasa kwa vidole mpaka akakipata kile kigumu kilichobaki chini ya ngozi. Dilolo alitikisa ngozi lakini hakumpiga. Nkambo akaweka lati, akainama karibu sana, maana macho yake si mazuri. Wale watu walikuwa wamesimama na mashine yao ilikuwa inanguruma.

"Mbili," akasema. "Mbili na kidogo. Andika."

Nimeandika.

Shekina